Nilda Aliyekimbia Juu ya Paa Langu

Siku hizi watu wa mtaa wetu hapa Comas, pembeni mwa Lima, wakimtaja Nilda Huarcaya husema "yule mkimbiaji wetu", utadhani walimpenda tangu mwanzo. Waongo wakubwa. Alipoanza walimwita kichaa, na wa kwanza kumwita hivyo nilikuwa mimi Asunta, maana nyayo zake zilikuwa zinatua juu ya kitanda changu. Nyumba ni yangu, tuliijenga na marehemu mume wangu tofali kwa tofali, na chumba cha nyuma nilimpangisha yeye. Basi gonjwa lile lilipoingia, Lima nzima ikafungiwa ndani na askari wakajaa barabarani, mwenzangu akaamua kwamba paa langu ndio uwanja wa michezo.

Kabla ya hapo alikuwa na toroli lake la emoliente, kinywaji cha moto cha mitishamba, karibu na zahanati. Alfajiri anachemsha shayiri, mbegu za kitani na majani yake anayoyajua mwenyewe, anawauzia manesi na madereva, na jua likipanda kashamaliza. Ni mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mfupi, miguu imekaza, na mdomo hauna breki. Shoga yake alikuwa Marleni, muuza viazi wa pale sokoni. Biashara zikiisha walikuwa wanakimbia wawili kando ya barabara kuu, wakitaniana njia nzima, huyu akimwambia yule anakimbia kama aliyevaa viatu vya mtoto. Mashindano ya watu wakubwa hawakuyajua. Walikuwa wanakimbia kwa sababu wanapenda, na kwa sababu kila mmoja alikuwa hataki kushindwa na mwenzake.

Soko lilipofungwa, Marleni alikosa kodi akatolewa chumbani. Akafunga virago, akaungana na wale waliokuwa wanapanda milima kwa miguu kurudi makwao. Kwao ni kijiji kimoja juu ya mji wa Jauja. Alipofika alikuta wanakijiji wamekinga mnyororo barabarani, na walinzi wao wakampeleka kwenye kibanda cha mchunga kondoo, peke yake, kwa kuwa ametoka Lima na Lima ina ugonjwa. Sawa, hilo alilielewa. Lakini hata muda wake ulipokwisha na kikohozi hakuna, watu bado walikuwa wanampisha njia. Kaka yake alikuwa anamwachia chakula juu ya jiwe halafu anaondoka. Kwenye kuvuna viazi hawakumwita.

Marleni akaanza kukaa kitandani mpaka mchana. Alimwambia Nilda kwenye simu kwamba hata nywele hachani, achane ili iweje. Nilda alikuja kwangu siku hiyo uso umemsawijika. Akaniambia shoga yake anazimika huko mlimani, na yeye yuko huku nyuma ya mlango, hawezi hata kumshika mkono. Ndipo wakaanza mbio zao za simu.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kila Jumapili asubuhi wanapigiana, simu inabaki wazi, wanaanza pamoja, kila mmoja alipo, kilomita tano, na anayemaliza anasema "Nimefika". Marleni alikuwa na njia yake kutoka kwenye mnyororo hadi mfereji wa maji, na simu yake ikimpimia. Ya Nilda ilichanganyikiwa na mizunguko ya paani, ikawa inadai ameruka mpaka kwa jirani. Tukapima paa kwa kamba ya nguo. Nondo zilizochomoza kwa ajili ya ghorofa ambayo hatujaijenga tukazifunga matambara asije akajichoma. Kizimba changu cha simbilisi nikakisogeza pembeni, huku nanung'unika, na mwisho nikajikuta nimekaa juu ya ndoo nahesabu mizunguko kwa punje za mahindi. Ndivyo nilivyoingizwa.

Na mbio hizo zilimsaidia, nisikufiche. Marleni alianza kuamka. Alisema Jumapili ndiyo siku pekee anayojiona mtu. Tatizo likawa moja: anashindwa kila mara. Kazaliwa huko juu, ndiyo, lakini miaka yote ile ya Lima ilimpa kifua cha pwani, na hewa ya kwao ni nyepesi, haitoshi. Ukimwambia hivyo anakasirika. Kwao hawamtaki, na sasa hata hewa ya kwao inamkataa. Akaanza kusema labda aachane na hizi mbio, kila mtu akae na yake.

Nilda akaogopa, akaanza kupunguza mwendo. Marleni akashinda Jumapili moja, akashinda na ya pili, na sauti yake ikachangamka. Mimi naona, nahesabu punje zangu. Ya tatu, wakiwa katikati ya mbio, Marleni akauliza kwa upole kabisa kuku Lima siku hizi wanauzwaje. Nilda na mdomo wake akaeleza bei ya kuku, akaeleza mwenye kuku, akaeleza na ugomvi wa mwenye kuku na mkewe. Alipomaliza, upande wa pili miguu ilikuwa imesimama.

"Mtu anayekimbia kweli hawezi kusema yote hayo," Marleni akasema. "Hapa kijijini nusu wananiogopa na nusu wananihurumia. Nilikuwa na mmoja tu anayenikimbiza. Sasa na wewe unanihurumia."

Akakata simu. Nilda akapiga, hakupokea. Akapiga tena jioni, hakupokea. Siku zikapita hivyo, na mwanamke huyu ambaye hata usingizini anaongea akawa anakaa paani, kimya, anaangalia vumbi.

Nikampandia huko juu. Mimi mwenyewe ni mtu wa milimani, wa Ayacucho, na nikamwambia bila kupaka mafuta kwamba ameharibu ayni. Huko kwetu ukinilimia shamba langu siku moja, nami nakulimia lako siku moja, jasho kwa jasho. Hakuna anayedai, hakuna anayesamehewa. Ukimpa mwenzako kitu asichoweza kukurudishia umemshusha, umemfanya ombaomba. Marleni alikuwa anampa Nilda jasho lake lote kila Jumapili, na yeye Nilda kamrudishia sukari, ushindi wa bure.

Nilda alilia kidogo, halafu akapangusa uso akaanza kufikiri, na huyu akifikiri ni lazima jambo litokee. Alirekodi ujumbe, nikiwa nasikia. "Shoga, nilikudanganya, ni kweli. Mimi huku nina hewa nzito, wewe huko huna. Nibebeshe mzigo. Chagua wewe, nami nitakimbia kwa nguvu zangu zote. Nikikushinda nimekushinda."

Jibu halikuja mpaka Jumamosi. Lilikuwa fupi: "Beba viazi. Mpaka ushindwe kuropoka."

Basi Jumapili nikaleta viazi vyangu vya jikoni, tukavifunga mgongoni kwa mbeleko. Marleni akiwa kwenye simu akamwamuru Nilda azunguke mara moja huku anaongea, ili yeye Marleni apime mwenyewe kwa masikio. Nilda akaongea vizuri tu. "Ongeza," Marleni akasema. Tukaongeza. Akazunguka tena, sasa maneno yanatoka nusunusu. "Ongeza kidogo." Nikamaliza kapu zima. Safari hii Nilda alizunguka bila kutoa hata neno moja, jambo ambalo sikuwa nimelishuhudia tangu ahamie kwangu.

Wakaanza. Sijawahi kuona mbio za namna ile. Mbeleko inamkata mabega, jasho linamwingia machoni, na kwenye simu iliyokuwa mapajani mwangu nasikia kifua cha yule mwingine kikipiga filimbi. Hakuna utani, hakuna bei ya kuku. Punje zangu zilipokaribia kwisha niliona kitakachotokea. Nilitaka kumkonyeza apunguze. Nikajikaza, nikasogeza punje ya mwisho.

Nilda alikuwa wa kwanza.

Akasimama mbele yangu, mdomo wazi, ananiangalia kwa macho ya kuniomba nimwambie la kufanya. Nikamnyooshea simu. Akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Nimefika."

Nikasubiri simu ikatike. Badala yake nikasikia upande wa pili miguu, bado inakwenda, nzito, kwenye changarawe. Kisha Marleni akasema, "Mimi bado. Msikate." Tukasimama pale tunamsikiliza akija, Nilda na viazi vyake mgongoni, hakuvitua, mpaka tukasikia maji ya mfereji na mtu akijitupa kwenye majani.

"Nimefika," akasema. Akahema, akahema tena. "Nilda. Jumapili ijayo uongeze viazi."

Nilda akakaa chini palepale na mzigo wake, akawa anacheka huku analia. Ikabidi nijibu mimi. Nikamwambia Marleni viazi nitatafuta vingine, yeye alete miguu tu.