Mtoto wa Dada Yake

Jumapili mchana, katika banda la video la machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, mchimbaji aliyekaa mbele yangu alimuuliza mchumba wake, "Nikihamia machimbo mapya, utanisubiri?"

"Tumalize filamu kwanza."

Ilikuwa filamu ya mapenzi. Mwishoni shujaa alirudi kutoka mbali, akamkuta mpenzi wake amempakata mtoto. Mchimbaji aliinamisha kichwa. Mtafsiri wa filamu, aliyekuwa akitafsiri papo hapo bandani na aliyewafahamu mchimbaji na mchumba wake, akadakia kwenye kipaza sauti: "Anasema huyo ni mtoto wa dada yake!"

Hakuna aliyecheka. Mchumba wa mchimbaji alikaza kanga kiunoni, akamgeukia.

"Nitakusubiri hadi mavuno ya pamba. Ukichelewa, usiniulize mtoto ni wa nani."

Mchimbaji alitabasamu, kisha tabasamu likakatika. Wengi hulalamika kwamba filamu hizo zinaumiza bure. Lakini yule binti, nadhani, alipata humo jibu ambalo kabla ya filamu alikosa ujasiri wa kulisema.