Uliza Jana Alikula Vipi

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikishuka kituo cha Pap Onditi na viatu vipya na begi la fomu begani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, miezi michache tu tangu niajiriwe katika ofisi ya ustawi wa jamii mjini Kisumu. Serikali ilikuwa ikiandaa mpango wa nchi nzima wa kuwasaidia watu wenye ulemavu na wale wanaowalea nyumbani. Fomu ya kuamua nani aingie na nani abaki nje ilikuwa ikijaribiwa kwetu kwanza, na nusu ya maswali yake niliyaandika mimi. Nakwambia hili ili ujue kiburi changu kilitoka wapi.

Fomu yenyewe niliiona safi. Anakula? Analala vizuri? Anaoga? Kila swali lilijibiwa kwa ndiyo au hapana, na kila hapana ilikuwa na alama. Aliyefikisha alama za kutosha angepata msaada, pamoja na mtu wa kumshikia mlezi zamu siku kadhaa za wiki. Nilikuwa nimekwisha kuzunguka nyumba tisa upande wa Ahero na Sondu, na kwa mshangao wangu karibu wote walikuwa salama. Nikawaza, kumbe hali si mbaya kama tunavyoambiwa. Furaha ya namna hiyo, inayokuja kabla jasho halijakutoka, iogope.

Nyumba ya kumi ilikuwa ya Mama Okoth, mjane aliyelima shamba dogo na kumlea mwanawe peke yake. Okoth alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Mikono na miguu yake haikumtii, na maneno yake yalitoka polepole, yakiburuzwa, hivi kwamba ni mama yake tu aliyeyadaka yote. Niliwakuta wamekaa mkekani, kijana ameegemea gunia la makapi ya mpunga, na mbele yao bakuli la ugali laini uliopondwa na mchuzi wa ngege, samaki wa ziwani.

Nilikaribishwa kula. Nikasema nimeshiba, na kazi ni nyingi. Nikaketi kwenye kiti nilicholetewa, nikamgeukia mama.

"Okoth anakula?"

"Anakula vizuri sana, madam."

"Analala?"

"Analala. Usingizi wake hauna shida."

"Na kuoga?"

"Kila siku! Humwoni anavyong'aa?"

Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilifika mwisho wa karatasi kabla ule ugali haujapoa. Nikajumlisha alama, na kwa kuwa nilifundishwa kutomficha mwananchi chochote, nikamwambia pale pale: kwa majibu haya, Okoth hataingia kwenye mpango.

Mama Okoth aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. "Sawa, madam. Tunashukuru kwa kututembelea." Akainuka kunisindikiza, na katika kuinuka akashika kiuno kwa mikono miwili, akangoja kidogo, ndipo akanyooka.

Okoth akasema kitu. Mama hakukitafsiri. Akasema tena, kwa nguvu, mishipa ya shingo ikimsimama.

"Anasemaje?" nikauliza. Nilimwuliza mama, mwanangu. Yeye mwenyewe yuko pale, ana masikio mazuri kuliko yangu, na mimi namwuliza mama.

"Mwache huyo. Anapenda mzaha."

"Anasemaje, Mama?"

"Ati nikupe kijiko."

Okoth alikuwa akicheka, bega likimtikisika. Nikaona aibu kukataa mara mbili katika boma moja. Nikavua viatu vyangu vipya, nikaketi mkekani, nikachota kijiko kilichojaa, kama unavyomlisha mtoto, nikampa.

Akapaliwa. Macho yakamtoka, uso ukabadilika rangi, na ile sauti ya kutafuta pumzi sijaisahau hadi leo. Mimi nilibaki nimeshika kijiko hewani. Mama yake alikuwa ameshafika. Goti lake likaingia nyuma ya mgongo wa kijana, mkono mmoja ukamwinamisha mbele, mwingine ukampiga kati ya mabega, mara moja, mara mbili. Tonge likatoka. Akamfuta mdomo kwa upindo wa leso, akamwambia polepole, "Pole, nyathina, pole mwanangu," huku yeye mwenyewe akihema.

Okoth alipopata pumzi aliniangalia, akasema maneno mawili. Hayo niliyaelewa bila mkalimani.

"Andika sasa."

Sikuandika. Niliketi nikatazama. Mama aliitafuta miiba ya samaki kwa macho, kisha akaitafuta tena kwa vidole. Akaweka goti mgongoni kwa mwanawe, akachota nusu kijiko, akamshika kidevu kisiinuke, akangoja ameze mara ya kwanza, akangoja ameze mara ya pili. Ndipo kijiko kingine. Katikati aliupasha ugali moto tena. Kivuli cha nyumba kilitutoka, tukasogeza mkeka tukakifuata, na bakuli bado halijaisha. Na huo ulikuwa mlo mmoja.

Nikamwuliza, kwa upole niliostahili kuja nao tangu mwanzo: "Mama, kwa nini uliniambia anakula vizuri?"

Akashangaa kweli. "Binti yangu, wewe ni mgeni. Umeingia kwangu leo, hata maji hujanywa, umeshika kalamu. Nianze kukutangazia kwamba mtoto wangu hawezi hiki, hawezi kile? Mama yako akiulizwa na mgeni habari zako, husemaje?"

Nilimfahamu mama yangu. Goti lilimwuma miaka mingi, na kila aliyepita mlangoni akaulizia hali alijibiwa "Ber ahinya," nzuri sana, kisha akaletewa kiti. Ndivyo tulivyolelewa kando ya ziwa hili. Habari ya kwanza anayopewa mgeni iwe njema, na mtoto hasemwi vibaya mbele yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mimi nilikuja na maswali ambayo mwenye adabu angeyajibu ndiyo tu. Zile nyumba tisa hazikuwa salama. Zilikuwa na heshima.

"Basi ningeuliza nini?" nikasema. Safari hii nilimtazama Okoth.

Alijibu kwa muda mrefu, na mama akatafsiri kipande kwa kipande. "Anasema usiulize kama anakula. Uliza jana alikula vipi. Nani alimshika, ilichukua muda gani, mwenye kumlisha yeye alikula saa ngapi. Jana haina aibu, anasema, jana ilishapita."

Kisha Okoth akasema jambo jingine, fupi. Mama akainamia bakuli.

"Mama?"

"Anasema..." Akakunja leso mapajani, akaikunjua. "Anasema fomu yako haina swali kubwa. Mama akiugua, nani?"

Mama Okoth alidhani ameficha maumivu ya kiuno chake kwa miaka. Lakini yule aliyeinuliwa na mikono ile kila siku alikuwa amesikia jinsi pumzi yake inavyokatika, na hofu hiyo alikuwa ameibeba peke yake, kama mama alivyobeba ya kwake. Kila mmoja alimficha mwenzake kwa mapenzi. Mama akamwekea kiganja shavuni. Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Nilirudi kwenye zile nyumba tisa, moja moja, kwa miguu na aibu yangu. Nikanywa chai, nikauliza habari za jana. Karibu kila "ndiyo" ilikuwa na mama, dada au nyanya aliyechoka nyuma yake. Nilipoomba fomu ibadilishwe, na watu hao waitwe kwenye mkutano mjini, mkuu wangu hakufurahi. "Fomu imeshakubaliwa," akasema, "na hao wataweza kweli kukaa mkutanoni?" Nikamwambia mimi nimekaa mkutanoni mara nyingi bila kuweza lolote. Alicheka, na kicheko chake kikanifungulia mlango.

Okoth na mama yake walikuja Kisumu, pamoja na wengine sita. Okoth alizungumza polepole vilevile, na mwenyekiti alitazama saa yake, kisha akaacha kuitazama. Hatukupata yote tuliyoomba. Tulipata ukurasa wa maswali ya jana, na tulipata lile swali la mwisho. Kwa hilo Okoth aliingia, akaletewa msaidizi siku tatu kwa wiki, jirani yao aitwaye Akinyi. Okoth mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kijiko, akimkemea na kumcheka.

Mwaka wa pili Mama Okoth alilazwa kwa sababu ya kile kiuno, Akinyi akabaki na Okoth. Nilikwenda kumwona hospitali. Nilitarajia kumkuta akilia habari za nyumbani. Nilimkuta amelala usingizi mzito, mdomo wazi, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniambia nisimwamshe, kwani amelala hivyo tangu asubuhi.

Sasa nasikia wewe na wenzako mmeitwa kuandika mpango mpya, na kwamba siku hizi fomu hujazwa kwenye simu. Vizuri. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hata ukikipiga picha. Waiteni wenye ulemavu na walezi wao karatasi ikiwa bado nyeupe, msiwaite kupiga makofi ikiwa imekwisha. Mwulize mwenyewe kwanza, umngoje amalize, ndipo umwulize anayemlea, maana kila mmoja anajua kitu ambacho mwenzake anakificha. Panga nani atamshikia mlezi zamu siku atakayokuja kuzungumza, la sivyo hatakuja, nawe utasema hana haja. Na ukijibiwa kwamba kila kitu ni kizuri, usikimbilie kuandika. Ukikaribishwa chakula, kula. Mkono mmoja haulei mwana, nao mkono huo hautajitangaza kwamba umechoka.

Utakosea, kama nilivyokosea mimi. Usikate tamaa. Rudi kwenye nyumba ulizozipita, watakupokea. Nenda, mwanangu. Nyasaye, Mungu wetu, akupe subira kuliko akili, akupe wa kukurekebisha wakicheka, na siku nawe utakayohitaji kushikwa, akukutanishe na mikono iliyofundishwa vyema.