Fulana ya Safu Sitini

Mikono ya Phelesia haikuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Alipokwenda kuwatembelea watu na kukuta kitambaa kilichofumwa kimetandikwa juu ya kiti, vidole vyake vilianza kutembea chini ya leso hata kabla chai haijaletwa, na baada ya siku mbili kitambaa cha namna ile ile kilikuwa kimeanikwa uani kwake. Kwa sababu hiyo wanawake wa Kendu Bay walimwita fundi. Wachache tu walijua kwamba fundi huyo, akipewa karatasi ya maelezo badala ya kitambaa chenyewe, alikuwa hajui pa kuanzia.

Alizaliwa Muhuru, kando ya ziwa karibu na mpaka wa Tanzania. Baba yake, mzee Zadock, alikuwa mfumaji wa nyavu. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kukaa naye, basi Phelesia ndiye aliyeshika upande wa pili wa wavu tangu akiwa na miaka sita. Shuleni alikaa miaka mitatu tu, akajua kusoma Biblia ya Kijaluo na Kiswahili cha pole pole, kisha akarudi kwenye nyavu mpaka Nashon alipokuja kumwoa na kumleta Kendu Bay. Miaka michache baadaye nyavu za nailoni zilianza kuuzwa madukani, zimekwisha kufumwa kiwandani, na mzee Zadock akaweka sindano yake juu ya dari bila kumlaumu mtu. Phelesia alilitazama jambo hilo akaogopa kidogo. Aliona jinsi mikono yenye ujuzi mwingi inavyoweza kukosa kazi kwa msimu mmoja. Ndipo alipojifunza krosheti, kwa kumtazama mke wa mchungaji akifuma kanisani.

Mwaka wa 1966 chama cha akina mama kilikuwa kikikutana kila Jumatano alasiri katika darasa moja la shule, wanafunzi wakishatoka. Mwalimu wao alikuwa Gesare, mwanamke kijana kutoka Kisii, aliyetumwa na ofisi ya wilaya kule Homa Bay. Gesare hakupenda kupiga kelele. Alisema jambo mara moja kwa Kiswahili safi, kisha akangoja. Jumatano moja aliwaambia kwamba kulikuwa na nafasi moja ya mafunzo ya miezi mitatu Homa Bay, na kwamba atakayekwenda angerudi kuwa mwalimu wa wenzake. Ili kumchagua, kungekuwa na mtihani. Kila anayetaka angepewa mabonge matatu ya uzi mweupe wa sufu, sindano moja ya ndoano, na kadi iliyoandikwa namna ya kufuma fulana ya mtoto wa miaka miwili isiyo na mikono. Wangefuma nyumbani kwa wiki mbili. Sharti lilikuwa moja: kufuata kadi peke yake, bila kutazama fulana iliyokwisha kufumwa.

Waliojitokeza walikuwa wawili, Phelesia na Leonida. Leonida alikuwa msichana aliyeolewa juzijuzi, aliyefika darasa la saba, ambaye mshono wake ulilegea hapa na kukaza pale. Wote walijua nani alikuwa fundi, na wote walijua nani alikuwa msomaji. Phelesia aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kutaka tangu aolewe. Hakumwambia mtu, ila Nashon, naye akamjibu kwamba miezi mitatu si mingi, ugali atajipikia.

Kadi ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Gesare mwenyewe. Juu yake kulikuwa na ufunguo: *mny* ni mnyororo, *mf* ni mshono mfupi, *mr* ni mshono mrefu, na alama ya nyota inaonyesha mahali pa kurudia. Phelesia aliketi nayo kizingitini siku mbili bila kugusa uzi. Alizisoma herufi kwa sauti kama mtu anayejifunza majina ya wakwe. Siku ya tatu alifuma mistari miwili ya mwanzo ya kadi, akaona kwamba herufi zile kavu zimegeuka kitu ambacho vidole vyake vilikifahamu zamani. Alicheka peke yake. Ilikuwa kama kumsikia mtu asiyekuwapo akimwelekeza sikioni.

Kadi ilisema mgongo ni mnyororo wa vitanzi arobaini, kisha safu thelathini. Kifua vivyo hivyo. Kisha vipande viwili vishonwe mabegani na ubavuni. Phelesia alihesabu kwa uangalifu mkubwa. Kila alipomaliza safu alifunga fundo katika kamba iliyoning'inia kiunoni, kama alivyofanya kwa baba yake. Lakini mgongo uliendelea kurefuka. Alipofika fundo la kumi na tano, bonge la pili lilikuwa limeanza kupungua. Alipofika la thelathini, uzi wote mweupe ulikuwa umekwisha, ukabaki kipande kisichozidi urefu wa mkono, na kifua kilikuwa hakijaanzwa.

Ndipo mawazo mabaya yalipomwingia. Alikumbuka kwamba Gesare aliyachukua mabonge ya Leonida kutoka mfuko mmoja na yake kutoka mfuko mwingine. Alijiambia kwamba mwalimu alikwisha kumchagua msomaji mwenzake, na kwamba yeye amepunjwa ili ashindwe. Hakulia, wala hakwenda kuuliza. Alichukua sweta kuukuu ya Nashon, ya rangi ya udongo, akaifumua, akafuma kifua chote kwa uzi ule. Mishono ilikuwa sawasawa kabisa. Alipoviunganisha vipande, alipata nguo nyeupe nyuma na ya udongo mbele, ambayo ingemfika mtoto wa miaka miwili kwenye vifundo vya miguu.

Siku moja kabla ya mtihani, Jerusha, rafiki yake wa karibu na mwenzake chamani, alipita kumsalimu akaikuta imetandazwa juu ya kitanda. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nyar Muhuru," alisema, akimwita kwa Kijaluo binti wa Muhuru, "mtoto huyu ni wa ukoo wa Goliathi?"

Phelesia akamweleza yote, mpaka habari ya mifuko miwili. Jerusha aliacha kucheka. Alisema kwake kuna fulana ya namna hiyo, aliyotumiwa na dada yake. Ataileta sasa hivi. Kwa macho ya Phelesia na uzi wa sweta ile, kabla ya jua kutua ingekuwa imefumwa nyingine inayofaa, na nani angejua?

Phelesia alijua kwamba angeweza. Alijua pia kwamba akifanya hivyo atakwenda Homa Bay akiwa mtu yule yule wa kutazama viti vya watu, na siku moja mwanamke fulani atamwekea karatasi mbele yake na kumwita mwalimu. Alisema, "Niache na kosa langu, Jerusha. Hili nimelisoma mwenyewe."

Jerusha alitikisa kichwa, akaenda zake akisema kwamba kiburi kingine huvaa mpaka nguo ya rangi mbili.

Kesho yake darasa lilijaa. Fulana ya Leonida iliwekwa mezani kwanza. Ilikuwa imepinda upande, lakini mtoto aliyeletwa kuvalishwa aliivaa ikamkaa. Phelesia alipoifunua ya kwake, kicheko kilianza nyuma kikaja mpaka mbele. Gesare hakucheka. Aliivuta karibu na dirisha, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya mishono. Kisha akampa Phelesia kadi, akamwambia asome. Phelesia alisoma yote bila kukwama: minyororo, mishono mifupi, mirefu, nyota na marudio yake. Darasa likatulia.

"Umesoma sawa," Gesare alisema. "Sasa nionyeshe safu moja."

Phelesia aliweka kidole ukingoni mwa nguo, akakipeleka mpaka ukingo wa pili, akakirudisha alikoanzia.

"Hiyo ni moja?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kwenda na kurudi."

"Nani amekufundisha hivyo?"

Phelesia alishangaa kuulizwa. Alieleza kwamba katika wavu, ukienda unapata nusu tu ya jicho. Ukirudi ndipo jicho linapofunga. Baba yake hakukubali kuambiwa nusu. Ukimwambia umefika thelathini, alitaka kuona macho thelathini yaliyofunga, yanayoweza kushika samaki. Alipokuwa akisema maneno hayo aliyasikia mwenyewe, akaiona kamba yake yenye mafundo, na akajua kabla hajaambiwa. Kwenda ni safu moja. Kurudi ni ya pili. Alikuwa amefuma sitini.

Gesare alimwambia afumue mgongo mpaka nusu. Phelesia alishika mkasi, akatenganisha vipande, akaanza kuvuta uzi mweupe, na Jerusha akauzungushia mkononi. Ulitoka mwingi. Ulipofika safu ya thelathini, bonge lililokuwa mkononi mwa Jerusha lilitosha kufuma kifua kizima, na kubaki kidogo cha kushonea mabega. Phelesia aliutazama uzi ule kuliko alivyowatazama watu. Haukupungua hata kidogo. Ulikuwa ukimwambia ukweli kwa wiki nzima, naye akauita mwizi.

Alisimama akaomba radhi mbele ya wote, akitaja kila alichokuwa amekiwaza, hata mifuko miwili. Gesare aliinamisha macho. Alisema mfuko wa kwanza ulikuwa umekwisha tu, basi. Kisha akasema kwamba nafasi ilikuwa moja na fulana inayovaliwa ilikuwa moja, na kwamba Leonida ndiye atakayekwenda. Phelesia alijua kwamba hiyo ndiyo haki. Iliuma vilevile. Alikaa kwenye dawati dogo la watoto, magoti juu, akaanza kufuma kifua cheupe tangu mnyororo wa kwanza, kadi imeegemezwa ukutani, naye hakuinuka mpaka alipofika safu ya thelathini. Siku hiyo zilikuwa thelathini za kweli.

Alikwenda Homa Bay mwaka uliofuata, kwa barua ya Gesare, akakaa ile miezi mitatu. Aliporudi alifundisha Kendu Bay, na baadaye alitumwa pia upande wa Migori, ambako hakujua mtu. Wanafunzi wake walisimulia kwamba alikuwa mkali kwa jambo moja. Hakumruhusu mtu kushika kadi kabla hajamwonyesha, kwa kidole, safu moja ni kitu gani kwake. Wengi waliliona kuwa swali la kitoto. Yeye aliendelea kuuliza.

Mwaka wa 1969, karibu na mpaka, alimuuliza hivyo mwanamke mmoja wa Kikuria aitwaye Kezia, aliyesuka vikapu maisha yake yote. Kezia alichukua kitambaa, akaweka kidole katikati, akaanza kuzunguka, akazunguka, mzunguko ukipanuka kuelekea nje, bila kufika popote pa kusimama.

"Inaishia wapi?" Phelesia aliuliza.

"Mama, kikapu hakina ukingo mpaka nimechoka," Kezia alijibu, na wenzake wakacheka.

Phelesia hakumsahihisha. Alivuta kiti karibu, akaweka kidole chake nyuma ya kidole cha Kezia, akamwomba aanze tena kutoka katikati, pole pole.