Mstari Usiokuwa kwenye Karatasi ya Gédéon

Josée aliingia ofisini na karatasi mkononi, ameikunja kama anayetaka kumpiga mtu nayo. Miaka minne aliosha sakafu za kituo kile cha kipindupindu, Uvira, ndipo akafundishwa kuandika wagonjwa kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo Marie-Rose, muuguzi mkuu, alikuwa amemwambia mbele ya watu wote arudi kwenye ufagio, kwa kuwa ameua mashine.

Daftari la wagonjwa, lile la kwenye kompyuta, lilikuwa halifunguki tangu Ijumaa. Siku hiyo Josée alikuwa ameteremsha programu mpya ya kuchora ramani ya mitaa yenye ugonjwa, akifuata karatasi ya Gédéon, fundi wa kutoka Bukavu, neno kwa neno.

"Hii kazi haitaki watu walioishia shule ya primaire," alisema Gédéon, aliyekuwa amekaa mezani, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Moto ukampanda Josée shingoni. "Papa Gédéon, kaa hapa. Mashine ingine iko. Fuata karatasi yako, usiongeze kitu."

"Mama, si miye niliandika?"

"Basi vizuri. Fuata."

Gédéon akaanza. Josée hakutazama kioo, alitazama vidole. Kabla ya mstari wa kwanza, vidole viliandika kitu vyenyewe, haraka.

"Simama! Hiyo iko wapi mu karatasi?"

"Hapo nafungua mazingira tu. Kila programu ina mahali pake pa kuweka vifaa vyake. Usipopafungua kwanza, vifaa vipya vinaingia mahali pa wote, vinafuta vile daftari linatumia. Kila muntu anajua."

"Muntu gani? Nionyeshe!" Sauti yake ilifika mpaka kwa wagonjwa. "Pale inje kuko ndoo tatu za kloro: ya mikono, ya sakafu, ya matapishi. Mugeni akifika tunasema kila muntu anajua? Anawe mu ya matapishi, ngozi ibambuke, kisha tumucheke? Tumeandika juu ya kila ndoo, na bado tunamuonyesha. Weye ulinipa maji, ndoo hukusema!"

Marie-Rose, aliyevutwa na kelele, akaingia, akaichukua karatasi, akapitisha kidole tangu juu mpaka chini.

"Kweli, haiko," alisema.

"Nitaongeza wiki ijayo," Gédéon akanong'ona.

"Leo." Josée alikuwa ameshashika kalamu. Akaandika juu kabisa, akikandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka: *Kabla ya kuteremsha kitu, fungua mazingira ya programu ya ramani. Yakifunguka, utaona jina lake mwanzoni mwa mstari. Usipoliona, simama.* Akamfanya Gédéon aandike chini yake yale maneno ya kufungulia, herufi moja moja.

Kufika saa sita Gédéon alikuwa amelirudishia daftari vifaa vyake, safari hii mahali pake penyewe. Likafunguka. Hakuna mgonjwa aliyepotea.

"Haya, Mama, endelea na kazi," Marie-Rose alisema, akigeukia mlango.

Josée hakukaa.

"Uite wale watu wa asubuhi," alisema. "Wote."