Leso Niliyoitundika Dirishani

Mambo haya wakwe zangu sijawaambia mpaka leo (ingawa nadhani wanayajua, Kibuyuni si kubwa), lakini nyinyi nitawaeleza, mcheke mpaka mchoke, kisha mnisikilize.

Mwanangu Salimu alipotimiza miaka minne nilimpeleka nasari, na asubuhi ya kwanza alinikamata mguu akalia mpaka akatapika chai. Mwalimu wake, Bi Zuhura, mwanamke mpole asiyepandisha sauti, aliniambia, "Muage, mamake Salimu. Mwambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, kisha uende. Atalia, lakini atalia akijua uliko." Nikaona huyu hajapata mtoto kama wangu. Tena yalikuwa maji ya bamvua, bahari ikitoka mbali asubuhi, na hizo ndizo saa zetu wanawake wakulima wa mwani za kufunga mbegu kwenye kamba; ukikawia, maji yamerudi na kazi imelala.

Basi siku ya pili nikaleta ujanja wangu. Nilichukua leso mpya ya kujifunga, ya rangi ya chungwa, nikaifunga kwenye nondo za dirisha la darasa, ncha moja ikaingia ndani, nikamwambia Salimu, "Mimi nimekaa hapa nje, chini ya dirisha. Ukiiona leso, jua nipo." Akaitazama, akanyamaza. Nami nikaenda zangu baharini.

Siku hiyo hakulia, na ya tatu hakulia. Nikajisifu huko kwenye mwani mpaka jirani yangu, Mama Rehema, akasema, "Basi fungua chuo, shoga, utufundishe kulea."

Sasa, leso ile ilikuwa sare ya harusi ya binti wa Bi Mwanaisha. Kila mwanamke wa mtaa wetu aliinunua, na kwa adabu haitolewi nje mpaka siku yenyewe (nilijiambia kutundika si kuvaa). Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya shughuli, nami nilishapanga: kwanza mwani, kisha nimchukue Salimu na leso yangu, tukaoge, twende harusini alasiri. Sikufikiri kwamba wenzangu wengi wangeanza kwenda tangu asubuhi, wote wamejifunga sare, na kwamba njia ya kwa Bi Mwanaisha inapita kando ya nasari.

Nilikuwa nimeinama majini simu ya Mama Rehema ilipolia. Alisikiliza, akanitazama, akasema, "Salimu haonekani shuleni."

Nilikimbia na maji yangu na mchanga wangu, nikaingia nasari, na mbele ya watoto na wapishi wa uji nikamfokea mwalimu, "Mtoto nimekuachia wewe! Umempeleka wapi?"

Bi Zuhura akanionyesha ndoo ya maji mlangoni. "Tulikuwa tukinawa mikono," akasema. "Akaniambia, 'Mama anaondoka.' Nikamwambia mama hayuko. Nikageuka kumimina maji, basi."

Leso yangu ilikuwa palepale dirishani. Mpishi mmoja akasema wanawake wa harusi wamepita punde, wamevaa kama ile. Nikaelewa kwamba amewafuata akidhani mmoja wao ni mimi, nikatoka mbio, kwa sababu katika njia ile kuna kisima kisicho na mfuniko.

Nilichungulia kisimani. Maji yalikuwa yametulia, lakini moyo haukutulia mpaka nilipofika uani kwa Bi Mwanaisha. Wanawake kama thelathini walikuwa wameketi mikekani, leso moja wote, na Salimu alikuwa katikati yao, akienda kwa huyu akimtazama usoni, akimwacha, akienda kwa yule.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha," nikasema (hata katika hali ile, adabu ilitangulia).

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerowa hivi? Na sare yako i wapi?"

Salimu ndiye aliyejibu. "Iko dirishani. Mama hukaa pale."

"Kama mama yuko pale," mmoja akauliza, "huyu aliyevaa mwani ni nani?"

Ua mzima ukacheka. Salimu hakucheka. "Mama, ulikuwa pale?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini, kwamba nilitoka kidogo tu. Nikashindwa kuutamka. "Hapana. Nilikuwa kwenye mwani."

"Na jana?"

"Na jana."

Akanitazama, kisha akaenda kukaa mapajani mwa Bi Mwanaisha. Kicheko kikakatika, na hapo ndipo nilipoona haya hasa.

Kesho yake nilimwomba Bi Zuhura radhi mbele ya wapishi walewale. Nikamuaga mwanangu, akalia, nikaondoka nikimsikia. Alilia hivyo wiki mbili. Nimeapa sitamwambia nipo mahali nisipokuwepo, hata kama machozi yake yatanikosesha maji ya kupwa ya mwaka mzima.

Siku hizi halii. Lakini kila nikimwambia ninakokwenda, humgeukia mwalimu na kuuliza, "Ni kweli?" Na Bi Zuhura hunitazama mimi kwanza, ndipo amjibu.