Kilio cha Mwandishi Aliye Hai

Djamali anashona nguo huko Wamaza, kwenye baraza ya nyumba yake, pembeni ya njia inayokwenda sokoni. Kitabu cha kwanza cha Aurélie Feza kilimfikia ndani ya furushi la vitambaa lililotoka Bukavu. Pengine aliyelifunga alikisahau humo. Ilikuwa hadithi ya mwanamke muuza mawese aliyekataa kumrudia mume wake, tena kwa Kiswahili kile kile wanachosema watu wa huku. Djamali hakuwa akijua kwamba Kiswahili hicho kinaweza kujaza kitabu kizima.

Alikisoma peke yake kwanza, kisha akamsomea mke wake, Subira, alipokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Subira alisimamisha mchi kila mara mume wa yule mwanamke alipobisha mlango. Baadaye Djamali akamwagiza Abdoul, mchuuzi wa chumvi na sabuni kutoka Kasongo, amtafutie vingine. Abdoul alimletea viwili.

Ni huyo huyo Abdoul aliyeleta habari. Alishusha mizigo yake, akanywa maji, akasema, "Papa Djamali, pole. Yule mwandishi wako, Feza, alikufa. Ajali ya gari, Bukavu. Redio ilisema."

Djamali aliuliza mara mbili kama alisikia vizuri. Abdoul akasema alisikia kwa masikio yake: mwandishi Feza. Basi Djamali akatoa mguu kwenye masini ya kushona, akaingia ndani. Subira alimkuta amekaa juu ya kitanda, anafuta macho kwa kitambaa cha suruali ya mteja.

Nyumba ya Wamaza haifichi kilio. Kesho yake majirani walifika na unga wa muhogo na kuni, wakakaa kwenye mikeka.

"Ni nani yako?" mzee Iliasi aliuliza.

"Ni mutu wa Bukavu."

"Wa upande wa baba ao wa mama?"

Subira ndiye aliyejibu kwamba ni mama mmoja anayeandika vitabu. Watu wakatazamana. Mzee Iliasi akaomba dua fupi, maana dua haikatazwi kwa mtu yeyote, lakini siku nyingi baadaye sokoni walikuwa wakisema kwamba Djamali anawalilia hata watu wa kwenye karatasi. Djamali akaviweka vile vitabu vitatu ndani ya sanduku, hakuvigusa tena.

Mvua ziliisha, watu wakachoma mashamba. Abdoul akarudi, safari hii akiwa na uso wa mtu asiyejua aanzie wapi.

"Wanatangaza Kasongo kwamba Aurélie Feza atakuja kusema na watu mu sale ya mikutano ya parokia. Jumamosi, siku ya posho."

"Mutu alikufa."

"Mimi nasema tu kile nilisikia."

"Hata mara ya kwanza ulisema tu kile ulisikia."

Djamali alikataa kwenda. Alisema ni mwingine wa jina hilo, na hataki kusafiri kwenda kufiwa mara ya pili. Subira alimwacha amalize, halafu akasema, "Baba Soraya, wende. Kama si yeye, utakuwa umejua. Hivi uko tu katikati, na mimi niko na wewe humo katikati."

Akaenda. Blaise, kijana wa pikipiki, alimbeba siku nzima katika njia ile ya mashimo. Kila kwenye mto Djamali alishuka, akavuka kwa miguu, viatu mkononi. Kasongo alilala kwa binamu yake Nuru, ila alirudisha sahani ikiwa imejaa.

Siku ya posho sale ilijaa: wanafunzi, masista, mama wa sokoni, vijana wa msikitini. Djamali alikaa nyuma, karibu na mlango, ili aweze kutoka kama itakuwa aibu. Akaingia mama mmoja mfupi, mnene, miwani puani, anatembea polepole kama mtu anayetunza goti. Djamali siku zote alimfikiria mrefu na mwembamba. Akasema ndani yake, si yeye.

Yule mama akakaa, akawasalimu, akaanza kueleza namna alivyomtafuta yule muuza mawese kichwani mwake: namna mwanzoni alimrudisha kwa mume, akaona mwanamke mwenyewe hataki, akachana yale aliyoandika. Djamali alisikia sauti aliyoizoea vitabuni, ile ya kucheka pole pole kabla ya neno baya. Akashika benchi kwa mikono miwili.

Wakati wa maulizo alisimama bila kupewa ruhusa.

"Mama, mimi natoka Wamaza. Siko na ulizo. Walituambia ulikufa. Tulikulilia kwetu, watu walileta unga."

Wengine wakacheka. Aurélie Feza hakucheka. Alivua miwani.

"Papa, aliyekufa ni shangazi yangu, mama Odile Feza. Alikuwa mwandishi wa ofisi ya komine, anaandika vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Redio ikasema 'mwandishi Feza', na hata kwangu watu walifika na kilio." Akafuta miwani. "Hakuzaa. Kwenye maziko yake tulikuwa watu wachache. Sikujua kama Wamaza pia walimulilia. Asante, papa. Utawaambia asante."

Djamali aliketi. Kifua kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetuliwa gunia. Kwa Nuru siku hiyo alikula bugari, ugali wa muhogo, akaongeza, Nuru akabaki anamtazama tu.

Alipofika nyumbani, Subira alikuwa njiani tayari, kwa sababu mlio wa piki ulisikika mbali.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Iko muzima, goti tu ndiyo linamusumbua." Akashuka, akajinyoosha mgongo. "Na tuko na salamu ya asante kwa mzee Iliasi. Twende tumupatie kabla hajaenda kusali."