Picha ya Baba na Barete Mpya

Upumbavu wangu ni huu: nilifuta diski nzima ya kompyuta ili niweke sistemu upya, kabla ya kujua kama barete mpya ya memori, kile kibao cha RAM, inafaa. Sistemu ikaanza kuingia, ikafika katikati, kioo kikawa cha buluu, kompyuta ikazimika. Nikarudisha barete ya zamani, kompyuta ikazimika tena palepale. Na kwenye diski hiyo ndimo ilimokuwa picha pekee ya marehemu baba, ya kuweka mezani Jumamosi tukiondoa matanga.

Nikabaki sakafuni na bisibisi, fundi mkuu wa chumba changu mwenyewe. Mama jirani akachungulia dirishani, nikamweleza yote.

«Eh, fundi! Miaka yote ulikuwa unaikala na baba yako mu nyumba moya, na foto ni moya tu? Haiko mashini njo ilikosa, ni weye.»